Jina Lako Liko Namna Gani Kwenye Karatasi?



Tangu mwaka wa masomo uanze, wafinalisti wengi wanatuuliza neno moja: "Siku nitakapoenda kutafuta kazi Bukavu, watafukua pointi zangu za zamani?" Tulipeleka ulizo hilo kwa sekreteri wa shule na kwa wazee waliokwisha kufanya kazi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Ni kweli, wanaangalia. Anayetaka kuandika mtu kazi anaomba diplome ya Serikali, karatasi ya mwenendo mwema na kitambulisho. Wengine wanaandikia shule barua kuuliza: huyu alisoma kwenu kweli? Diplome inaonyesha asilimia, na mwenye 50 amefaulu. Lakini wewe uliyerudia darasa, au utakayepata 52, usikose usingizi. Neno la kwanza wanalotafuta si wingi wa pointi. Wanataka kujua kama karatasi zote ni za mtu mmoja.

Hapo ndipo wengi wanakwama. Siku moja tulikuwa kwenye biro, papa mmoja akaingia na diplome yake ya zamani, ya wakati wa Zaire. Kazi ilikuwa inamngojea, lakini kitambulisho chake kiko na jina la ubatizo, na diplome haina. Juu ya nini? Mwaka 1972 Serikali ilikataza majina ya Kizungu, na tangu 1990 watu wakayarudia. Yeye hakudanganya hata kidogo, lakini ilimpasa kutafuta ushuhuda kwamba wale watu wawili ni yeye mmoja.

Kwa sisi vijana kosa linakuwa dogo zaidi: herufi moja. Mmoja anaandikwa Murhula, kesho Murula. Mwingine ni Cishugi kwenye buletini, na Chishugi kwenye karatasi ya kuzaliwa. Tunacheka, lakini mwenye kukagua hacheki.

Fikirini Kituo cha utafiti cha hapa kwetu Lwiro, kilichoanza mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Kule wanatunza mimea iliyokaushwa. Kila mmea uko na karatasi yake: jina, mahali, tarehe. Jani likipoteza karatasi, hata likiwa zuri namna gani, mtafiti atalifanyia nini?

Basi tufanye nini?

1. Chukua karatasi ya kuzaliwa na buletini zako zote, uzilinganishe herufi kwa herufi: jina, jina la pili, jina la ubatizo, tarehe.

2. Ukiona kosa, nenda kwa sekreteri mbele liste ya watahiniwa haijaenda kwa Inspeksyo. Leo ni kalamu tu. Kisha diplome kutoka, ni safari nyingi na feza nyingi.

3. Usifikiri utabadilisha jina la kuzaliwa ili lifanane na kosa la shule. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inakataza kubadilisha jina, hata namna ya kuliandika, bila ruhusa ya Tribunali ya Amani.

4. Fanya kopi, uache moja kwa ndugu anayekaa mahali pengine. Watu wa Bukavu walikimbia vita mwaka 1996, tena mwezi wa pili 2025. Mwenye kukimbia anabeba mtoto, habebi dosie.

5. Kuko wale wanaosema, "Leta feza, nikupe karatasi safi." Muwakimbie. Sheria yetu inaadhibu mwenye kughushi kwa kifungo cha miezi 6 mpaka miaka 5, na mwenye kuitumia naye haponi. Tena barua moja kwa shule inatosha kukuumbua.

Tuseme ukweli: sisi wenyewe tunaoandika haya tulikuta tarehe yetu ya kuzaliwa imekosewa tangu primeri. Miaka yote hii hatukuisoma! Tulienda na papa kwa sekreteri, imetengenezwa. Tuliona haya kidogo, lakini haya ya leo ni afadhali kuliko machozi ya kesho.

Liste itakapobandikwa ukutani, kila mtu asome jina lake na kidole juu ya kila herufi. Na asiyeelewa atuulize, tuko.

Kapita wenu, mwaka wa mwisho