Shida za Wanafunzi wa Vyuo Vikuu vya Kibinafsi: Mambo Yafaayo Kujulikana Nyumbani

Barua ya kumpokea mtoto katika chuo kikuu ni furaha kubwa katika nyumba yoyote, na hasa katika nyumba ya askari ambaye huenda yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kufika mbali katika masomo. Majirani wa kambini huja kutoa pongezi, mama hununua sanduku na godoro, na baba aliye kazini mbali huagiza kwa simu kwamba karo itapatikana. Lakini mara nyingi, kabla mwaka wa kwanza haujaisha, malalamiko huanza kusikika. Mtoto asema amezuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani. Asema alama zake hazionekani. Asema mwalimu haji. Mzazi naye hajui kama anaelezwa kweli au anadanganywa.

Makala hii inakusudia kuyaeleza malalamiko hayo moja baada ya jingine, pamoja na chanzo chake, ili aliyeko nyumbani ajue la kuuliza na la kufanya.

VYUO HIVI VILITOKA WAPI

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na hadi mwaka 1988 ndiyo iliyokuwa chuo kikuu pekee katika Uganda. Mwaka huo kulifunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu huko Mbale. Baadaye vikafuata vyuo vya makanisa na vya watu binafsi: cha Nkozi mwaka 1993, cha Mukono mwaka 1997 mahali palipokuwa na chuo cha theolojia tangu mwaka 1913, na Kampala International University mwaka 2001. Leo vyuo vya kibinafsi ni vingi kuliko vile vya Serikali.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Vijana wanaomaliza kidato cha sita wakiwa na alama za kutosha ni wengi mno, ilhali wale wanaolipiwa na Serikali katika vyuo vyake wamekuwa kwa miaka mingi kiasi cha 4,000 tu kila mwaka. Waliobaki hawana budi kujilipia, na wengi wao huingia katika vyuo vya kibinafsi.

Hapo ndipo penye mzizi wa shida nyingi. Chuo cha kibinafsi, kwa sehemu kubwa, huishi kwa karo. Mshahara wa mwalimu, umeme, maji, vitabu na chokaa ya kupaka ukuta, vyote hutoka mfukoni mwa mwanafunzi. Jambo hili lilionekana wazi wakati wa ugonjwa wa korona. Vyuo vyote vilifungwa mwezi Machi 2020, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakaruhusiwa kurudi Oktoba, kisha vikafungwa tena Juni 2021 na kufunguliwa Novemba mwaka huo. Katika muda huo waalimu wengi wa vyuo vya kibinafsi walikaa bila mshahara. Chuo kinachotegemea karo peke yake hakina subira ya kumngoja mdaiwa, na mwanafunzi huiona subira hiyo ikikatika wiki ya mtihani.

KARO NA NYONGEZA ZAKE

Lalamiko la kwanza ni kwamba karo iliyotajwa katika tangazo siyo karo inayolipwa. Tangazo hutaja ada ya masomo tu. Mwanafunzi akifika huonyeshwa orodha ya pili: ada ya kujiandikisha, ya maktaba, ya matibabu, ya kitambulisho, ya mtihani, ya chama cha wanafunzi, na ile ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ambayo ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Kila moja peke yake ni ndogo, lakini zikijumlishwa huwa mzigo.

Tuchukue mfano wa hesabu ya nyumbani. Ikiwa ada ya masomo ni shilingi 1,200,000 kwa muhula, nyongeza ni 400,000, na chumba pamoja na chakula ni 600,000, jumla ni 2,200,000 kwa muhula. Kwa mwaka wenye mihula miwili ni 4,400,000, na kwa shahada ya miaka mitatu ni 13,200,000. Mzazi aliyepanga kwa ile 1,200,000 peke yake alikuwa amepanga kwa 7,200,000 katika miaka yote mitatu, yaani pungufu ya shilingi milioni sita. Fedha hizo hazikuibiwa na mtoto wala hazikuliwa na chuo kwa siri. Zilikuwapo tangu mwanzo, ila hazikuulizwa.

Kumbuka pia kwamba kuna gharama za mwaka wa mwisho: kuchapa na kufunga kitabu cha utafiti, nauli za mafunzo ya kazini, ada ya mahafali na kukodi joho. Wapo waliomaliza masomo yao yote, wakakosa kupewa hati kwa sababu ya deni la ada hizo.

KADI YA MTIHANI

Lalamiko la pili ndilo linalotoa machozi zaidi. Katika vyuo vingi mwanafunzi hapewi kadi ya kuingilia mtihani mpaka awe amemaliza kulipa. Mtoto aliyehudhuria masomo muhula mzima husimama nje akiwatazama wenzake wakiandika.

Kwa familia za askari shida hii ina sura ya pekee. Chuo kina kalenda yake, na mshahara una kalenda yake, na hizi mbili hazijuani. Askari huweza kuhamishwa kutoka Masaka hadi Moroto katikati ya muhula, akaanza kutunza nyumba mbili. Wake wa wanajeshi walioko Somalia, ambako majeshi ya Uganda yamekuwa tangu Machi 2007, wanajua kwamba posho ya kule huweza kuchelewa kwa miezi. Mhasibu wa chuo hayajui hayo, wala si wajibu wake kuyakisia.

Dawa yake ni kuandika mapema. Vyuo vingi huwa na utaratibu wa kulipa kwa mafungu, lakini huupa tu yule aliyeomba mwanzoni mwa muhula kwa barua yenye tarehe na sahihi. Anayefika wiki ya mtihani akiwa mikono mitupu na maneno matamu hukuta mlango umefungwa. Aidha, wenye akiba katika vyama vya ushirika, kama vile Wazalendo SACCO ya wanajeshi na Exodus SACCO ya polisi, wafanye hesabu ya karo mwanzoni mwa mwaka, wasingoje kukopa kwa wafanyabiashara wa riba wakati mtoto yuko mlangoni.

Kuna pia mpango wa Serikali wa mikopo ya wanafunzi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo huo uliwekwa kwa ajili ya ada ya masomo, nyongeza zake na utafiti. Chakula na malazi hubaki juu ya familia. Haukuwekwa kwa vyuo vya Serikali peke yake, ila si kila kozi wala kila chuo kimo ndani yake. Yafaa kuuliza kabla ya kuchagua kozi.

ALAMA ZILIZOPOTEA NA WAALIMU WA KUPITA

Lalamiko la tatu ni alama zisizoonekana. Mwanafunzi alifanya mtihani wa mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu anaambiwa kwamba somo moja halina alama, kwa hiyo jina lake haliwezi kuwamo katika orodha ya mahafali. Mwalimu aliyesahihisha amekwisha kuhama.

Chanzo cha jambo hili ni kwamba vyuo vingi vya kibinafsi hutumia waalimu wa muda, ambao hufundisha vyuo viwili au vitatu kwa wiki moja ili wapate riziki. Mwalimu wa namna hiyo hukimbia kutoka basi hadi basi. Huchelewa, huahirisha, na mara nyingine huondoka kabla ya kukabidhi alama, hasa ikiwa yeye mwenyewe hajalipwa. Kwa sababu hiyo hiyo wanafunzi hulalamika kwamba msimamizi wa utafiti hapatikani, na kitabu chao hukaa mezani miezi mitatu bila kusomwa.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi na atunze faili moja yenye stakabadhi zote za benki, kadi zote za mtihani, na kazi zote zilizosahihishwa. Kila matokeo yanapotoka, ayatazame siku hiyo hiyo, na kama somo limekosekana aandike barua kwa mkuu wa idara wakati mwalimu yungali hapo. Alama iliyodaiwa baada ya wiki mbili hupatikana. Iliyodaiwa baada ya miaka miwili ni taabu kwa wote.

CHUO NA KOZI VIMEIDHINISHWA?

Lalamiko la nne huja baada ya masomo, wakati mtoto anapopeleka shahada yake kwa mwajiri na kuulizwa kama kozi ile inatambuliwa. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2001 iliweka ngazi tatu kwa chuo cha kibinafsi: kwanza barua ya ruhusa ya kujitayarisha, pili leseni ya muda, na tatu hati kamili itolewayo na Rais. Chuo cha Mukono kilikuwa cha kwanza cha kibinafsi kupata hati hiyo, mwaka 2004. Zaidi ya hayo, kila kozi hukaguliwa na Baraza peke yake, na baada ya muda hukaguliwa upya.

Basi chuo chaweza kuwa halali na kozi yake moja isiwe imeidhinishwa. Katika mwaka 2023 wazazi wengi walishtuka ilipoonekana kwamba kozi nyingi, hata za vyuo vya Serikali, zilikuwa zimepitisha muda wa kukaguliwa upya. Na mwaka 2017 Baraza lilifuta leseni ya Chuo Kikuu cha Busoga, wanafunzi wake wakabaki wakitafuta mahali pa kumalizia masomo. Usiridhike na jengo zuri wala na tangazo la redioni. Ofisi ya Baraza iko Kyambogo, Kampala, na orodha ya vyuo na kozi ziko wazi kwa kila raia. Kuuliza hakuna malipo.

MTOTO ANAYEFICHA

Shida kubwa kuliko zote haimo katika orodha ya chuo. Ni mtoto anayeficha. Akikosa mtihani kwa ajili ya karo, au akianguka somo, huona haya kumwambia baba aliyeuza ng'ombe, au mama anayeamka usiku kukanda maandazi ya kuuza kambini. Kwa simu husema, "Mama, kila kitu ni sawa." Muhula mmoja huwa miwili, miwili huwa mwaka. Siku ya mahafali inapokaribia na jamaa wanauliza watavaa nini, ndipo kweli inapotoka. Mficha maradhi kifo humwumbua. Wapo vijana waliokimbia nyumbani kwa jambo ambalo lingetengenezwa kwa barua moja na shilingi laki mbili.

Hapa lawama haimwangukii kijana peke yake. Sisi tuliozoea amri kazini huweza kuileta amri mezani nyumbani. Mtoto anayejua kwamba habari mbaya itapokewa kwa ukali hataileta habari hiyo. Afadhali mzazi atangulie kusema, tangu siku ya kwanza, "Ukikwama nieleze mapema, tutatafuta njia pamoja." Maneno hayo yanafaa kuliko kumpigia simu kila jioni.

LA KUFANYA

Kwa ufupi, mwenye mtoto katika chuo cha kibinafsi afanye mambo haya. Adai orodha kamili ya ada za miaka yote kabla ya kulipa shilingi ya kwanza. Alipe benki, kamwe asimpe mtu fedha mkononi, na nakala ya stakabadhi ibaki nyumbani. Aombe kuona matokeo kila muhula, si kwa kumshuku mtoto, bali kwa kuwa ni kazi ya wote wawili. Afike chuoni angalau mara moja kwa mwaka akazungumze na mlezi wa wanafunzi. Na kama baba yuko mbali, mama asiogope kwenda peke yake, kwa maana mlango ule ni wake pia.

Lalamiko likitokea, lifuate ngazi: mwakilishi wa darasa, mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, msajili wa chuo, na mwisho Baraza lenyewe. Kila ngazi iandikiwe, na nakala ihifadhiwe. Askari anajua kwamba taarifa isiyoandikwa haifiki kwa mkubwa. Chuoni nako ni hivyo hivyo. Muhula ujao ukianza, kaa na mwanao jioni moja kabla hajapanda basi, mfungue faili yake pamoja, na muitazame karatasi kwa karatasi.