Omba Bahasha Kwanza

Kwa mtu anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, barua pepe hubeba mambo mazito: majibu ya vyuo, nafasi za ufadhili wa masomo kama ule wa DAFI, habari za ndugu waliokwisha kuhamia Kanada au Australia. Wengi huzifungua kwenye simu, kwa bando la bei ndogo, na tangu Julai 2021 bando la intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12. Nalisema hili mapema kwa vijana wa Mbarara wanaojifunza kutengeneza tovuti, kwa sababu ukurasa wa kusomea barua ukiandikwa ovyo, anayelipa ni msomaji.

Barua yenyewe haikai kwenye ukurasa. Iko kwenye seva ya barua, na msimbo wa seva ya wavuti, uwe wa PHP au wa Python, huenda kuiomba huko kwa itifaki ya IMAP, aliyoibuni Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Itifaki ya POP, iliyotangulia kwa miaka miwili, ilikusudiwa kupakua barua nzima nzima. IMAP huziacha mahali pake na kukuruhusu uombe kipande unachokitaka. Nguvu yake ni hiyo, na wanaoanza kazi hii huipoteza upesi: huomba kila kitu, kisha hutafuta mada na jina la mtumaji ndani ya rundo.

Afadhali kwenda hatua kwa hatua. Msimbo uingie kupitia mlango 993, ambako mazungumzo yote hufichwa kwa TLS, ufungue kisanduku kwa amri ya EXAMINE, inayosoma bila kubadilisha chochote, kisha uombe ENVELOPE, yaani bahasha, za barua 20 za karibuni: mtumaji, tarehe, mada. Basi. Mtu akigusa mada moja, ndipo msimbo uombe orodha ya vipande vya barua hiyo, uchague kile cha maandishi na kukileta. Ukifungua kisanduku kwa SELECT na kuvuta barua bila neno PEEK katika amri yako, seva itaziwekea alama ya kusomwa kabla mwenyewe hajaziona. Mtu anaweza kukosa usaili kwa sababu hiyo tu: mwaliko ulionekana umeshasomwa, akaupita.

Nakivale wako Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Mada iliyoandikwa kwa Kitigrinya haisafiri kwa herufi zake; hufungwa kwa kanuni za MIME zilizotolewa mwaka 1992, ikaanza na alama kama =?UTF-8?B?. Msimbo usipoifumbua, mama ataona mkururo wa herufi zisizo na maana mahali palipopaswa kuwa na jina la mwanawe.

Viambatisho navyo huvimba njiani. Kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4, hivyo hati ya megabaiti 3 iliyopigwa skani huwa zaidi ya 4 ndani ya barua. Seva ya wavuti ikiifumbua kwanza, simu hupokea 3. Isipoituma kabla ya kuombwa, simu haipokei hata moja. Onyesha jina la faili na ukubwa wake, mwenye bando aamue.

Wanaotumia PHP wajue pia kwamba kuanzia toleo la 8.4, la Novemba 2024, kiendelezi cha imap kimeondolewa kwenye PHP yenyewe, kwa kuwa maktaba kiliyoitegemea haikuwa ikitunzwa tena kwa miaka mingi. Masomo mengi yanayoanza na imap_open yamepitwa.

Linalonikera zaidi ni namna kurasa nyingi zinavyomwonyesha mtumaji. Jina linalotangulia anwani, mtu yeyote anaweza kuliandika atakavyo. Tapeli hujiita ofisi ya wakimbizi, akadai ada ili jina la familia liingizwe kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Ukurasa unaoonyesha jina peke yake na kuificha anwani humsaidia tapeli huyo. Kwa hiyo anwani nzima ionekane daima, hata kwenye kioo kidogo cha simu. Maandishi ya HTML yachujwe, msimbo wowote uliofichwa ndani yake uondolewe, na picha za kutoka seva za nje zisifunguke zenyewe, kwani hula bando na kumjulisha mtumaji kuwa barua imefunguliwa. Nenosiri la mtumiaji lisihifadhiwe kwenye faili. Mtoa huduma akiwa na OAuth, njia ya kuingia bila kuupa ukurasa nenosiri, tumia hiyo.

Nawe unayesoma barua hizo huko Nakivale, iwe Juru, Rubondo au Base Camp, tazama anwani kabla ya jina. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hailipishi huduma yoyote, na kuhamishiwa nchi ya tatu ni bure.