Gari la Zamani Uingereza: Litunze, Lisile Hela ya Nyumbani

Ndugu zetu wengi hapa Uingereza wanaendesha gari lenye miaka 15 au zaidi: Yaris, Corolla, Jazz. Linakupeleka zamu ya usiku wakati hakuna basi, na Jumamosi linabeba watoto na gunia la mchele. Halafu asubuhi moja ya Januari linagoma kuwaka, na ile hela uliyoiweka ya ada ya shule nyumbani inaishia gereji. Ukipigwa hivyo mara mbili, maneno yanaanza: "Si uchukue jipya kwa mkopo, upumzike?"

Kabla hujasaini, tupige hesabu kwanza.

Chukua mfano wa mkopo wa gari wa pauni 220 kwa mwezi kwa miaka 4. Jumla ni pauni 10,560. Sasa tenga pauni 60 kila mwezi kwa matengenezo ya gari ulilonalo. Kwa mwaka ni 720. Hata ukiitumia yote, kila mwezi bado una pauni 160 ambazo mwenye mkopo hana. Ila hiyo 60 lazima iwepo kweli. Iweke akaunti ya peke yake na itoke siku ya mshahara, kama unavyolipa upatu. Bila hivyo, gari likiharibika litachota kwenye hela ya mama.

Soma cheti cha MOT

Gari likishafika miaka 3, linakaguliwa kila mwaka, na ada ya ukaguzi haizidi pauni 54.85. Wengi tukisikia limepita, basi, karatasi tunaitupa kwenye droo. Hapo ndipo tunapopoteza hela. Chini ya neno "pass" kuna orodha ya "advisory": vitu ambavyo havijaharibika lakini viko njiani. Pedi za breki zimepungua, bushi imeanza kuchoka, bomba lina kutu. Hiyo ndiyo orodha yako ya manunuzi ya mwaka. Ukitengeneza kimoja kila baada ya miezi miwili, mchango wako unatosha. Ukisubiri, vyote vitadai siku moja.

Historia ya MOT ya gari lolote unaiona bure kwenye tovuti ya serikali kwa kuandika namba ya gari. Isome pia kabla ya kununua. Gari lililoandikiwa kutu ileile miaka mitatu mfululizo lilikuwa na mwenyewe asiyejali.

Vitu vidogo vinavyookoa injini

*Oili.* Ipime kila wiki mbili, injini ikiwa imepoa na gari limesimama pasipo mteremko. Injini ya zamani hula oili kidogo kidogo, na taa nyekundu ya oili ikiwaka huenda umeshachelewa. Badilisha oili na filta angalau mara moja kwa mwaka. Kama safari zako ni fupi fupi, usingoje maili ziishe.

*Maji ya rejeta.* Nyumbani tumezoea kuongeza maji ya bomba. Huku usifanye hivyo. Ile dawa ya rangi inazuia maji yasigande kwenye baridi na inazuia kutu ndani ya injini, na ukiongeza maji matupu unaipunguza nguvu. Kama maji yanapungua kila mara, kuna mahali panavuja. Tafuta hapo kwanza.

*Betri.* Baridi huimaliza haraka, na safari za dakika 10 haziijazi. Pima kabla ya majira ya baridi: gari likiwa limelala usiku mzima, betri nzima huonyesha takriban volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.4, ichaji au jiandae kuibadilisha.

*Mkanda wa taiming.* Ukikatika, kwenye injini nyingi vali na pistoni zinagongana, na hapo injini imekwisha. Uliza kama gari lako lina mkanda au mnyororo. Yaris ya petroli ya 2007, kwa mfano, ina mnyororo. Kama ni mkanda na huna risiti ya lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa.

*Tairi.* Sheria inataka kina cha milimita 1.6. Tairi moja lililoisha linaweza kukuletea faini hadi pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni.

*Chumvi.* Wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi, nayo inakula bodi kutoka chini. Osha gari pamoja na uvunguni.

Lifurahie pia

Gari linalokuchosha utaliuza kwa hasira. Wipa mpya, taa zilizong'arishwa, filta ya hewa ya ndani, vitu vya kulegea vikazwe visipige kelele: vyote ni vya bei ndogo na unaweza kuvifanya mwenyewe. Ukishuka zamu saa kumi na mbili asubuhi, kioo kisicho na ukungu na hita inayofanya kazi ni starehe ya kutosha.

Lini uliache

Kutu ikishaingia kwenye chasisi au mahali breki na springi zinaposhikia, kuchomelea hakuishi. MOT ikiandika "dangerous", usiliendeshe hadi litengenezwe. Na kama unaingia London, hakiki namba yako kwanza. Petroli iliyosajiliwa kuanzia 2006 kwa kawaida inapita, lakini dizeli nyingi za kabla ya Septemba 2015 zinalipa pauni 12.50 kila siku. Kwa zamu tano za wiki ni pauni 62.50, na hakuna matengenezo yatakayofidia hiyo.

Zaidi ya hapo, usikimbilie mkopo. Leo jioni toa cheti cha MOT kwenye droo, soma ile orodha ya chini, na uchague kitu kimoja cha kuanza nacho mwezi huu.