Safari ya Jumamosi: Kuzuru Jamaa na Kuona Mambo ya Kale

Wasikilizaji wetu, mtoto akiulizwa, "Kwenu ni wapi?" hutaja kijiji. Akiulizwa, "Kwenu kuna khabari gani ya kale?" mara nyingi hunyamaza. Leo twataka kueleza jinsi safari ndogo ya Jumamosi na Jumapili iwezavyo kumpa jibu.

Natuanze Tunduma, mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe. Ng'ambo ni Nakonde, nchi ya Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili, wala si ajabu mtoto wa Tunduma kuwa na shangazi Nakonde. Kabla ya kuvuka, mwelezeni mtoto ya kuwa mpaka ule haukuwekwa na babu zake. Waingereza na Wajerumani walipatana mwaka 1890 kugawana nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Serikali ziligawanyika, undugu haukugawanyika. Lakini njia isiyopitwa huota majani: watoto wa ndugu wawili wasipozuriana, siku moja watapishana sokoni kama wageni.

Safari ya pili ielekee upande wa Mbeya. Utapita Vwawa na Mlowo, katika nchi ya kahawa ya Mbozi, kisha utashika njia ya kando mpaka kilima cha Marengi. Huko kipo Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lililoanguka kutoka mbinguni. Urefu wake wapata mita 3. Katika kila sehemu 100, kama 90 ni chuma, na zilizosalia karibu zote ni nikeli. Wataalamu wamekisia uzito wake kuwa tani 12 au zaidi.

Mpimaji wa ardhi, W. H. Nott, alikiandikia khabari mwaka 1930. Mtoto asidhani kwamba ndipo kilipoanza kujulikana. Wenyeji walikijua tangu zamani. Wakati ule kilionekana sehemu ya juu tu. Udongo ukachimbwa kukizunguka, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, nayo ikaimarishwa kwa saruji.

Kilianguka lini? Hapana shimo lionyeshalo pigo lake, wala hapana hadithi ya wazee isimuliayo siku ile. Kwa hiyo yadhaniwa kuwa ni zamani mno. Chuma kimebaki, khabari imepotea.

Sasa tazama Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika mkoa huo huo. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka huko kimondo kidogo, ambacho vipande vyake vilivyookotwa havikufika hata kilo moja. Lakini siku yake yajulikana, kwa kuwa iliandikwa. Na wataalamu wa dunia nzima huitumia herufi ya kwanza ya jina la Ivuna katika kuitaja aina hiyo ya vimondo, iliyo adimu sana.

Basi, wazazi, jioni mfikapo kwa bibi, mpeni mtoto daftari na kalamu. Amwulize: Ukoo wetu ulitoka wapi? Nani alifua majembe hapa zamani, na tanuri yake ilikuwa wapi? Nani wa kwetu alihamia ng'ambo, na kwa nini? Ayaandike majibu pamoja na jina la msemaji na tarehe. Kimondo kitatungoja mwaka ujao. Bibi huenda asitungoje.