Sindano ya Miezi Mitatu Haifungi Kizazi

Akina mama wengi, kuanzia Diani hadi Msambweni, huuliza: je, sindano ya kupanga uzazi huua kizazi? La, haiui. Huchelewesha tu.

Sindano hii, ambayo wengi huiita Depo, ina homoni inayozuia yai lisipevuke. Dawa hutoka mwilini polepole, wala haiishi siku ile miezi 3 inapotimia. Kwa wastani mwanamke hushika mimba miezi 10 hivi baada ya sindano ya mwisho. Wengine hupitisha mwaka, na wengine hushika mapema. Kuitumia miaka mingi hakuongezi muda huo.

Hedhi nayo yaweza kukatika. Usidanganywe kwamba damu imejaa tumboni! Utando wa ndani ya mfuko wa uzazi umekuwa mwembamba, basi hakuna cha kutoka.

Ukitaka mtoto karibuni, mwombe muuguzi vidonge au kitanzi. Ukiviacha, uzazi hurudi upesi. Bwana pia aelezwe, kwa maana nimeona wake wakitishiwa talaka kwa jambo la kungojea tu. Mwaka na nusu ukipita bila mimba, nendeni hospitali nyote wawili, kwani huenda kasoro iko kwa mume.