Je, Wajua? Gitaa Lijilinganishalo Lenyewe

Mwaka 2007 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa lenye mota ndogo ndani ya vigingi vyake, ambalo, mpigaji akisha kuzipapasa nyuzi zote sita mara moja, hukaza na kulegeza lenyewe hata sauti zikaafikiana. Mwaka 2015 mtambo wa namna hiyo ulifungwa katika magitaa yake mengi, na wanunuzi wakanung'unika, hawakuuomba.

Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, ambaye alipatwa na polio akiwa na miaka 9 na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu, alizilinganisha nyuzi zake kwa taratibu zaidi ya 50, ili vidole visitaabike kutafuta sauti ambazo nyuzi, bila ya kubonyezwa, zaweza kuzitoa. Keith Richards wa bendi ya Rolling Stones yeye aliuondoa kabisa uzi mnene, akaridhika na tano.

Uma wa sauti, chombo cha kulinganishia ala alichokivumbua John Shore, mpiga tarumbeta wa Uingereza, mwaka 1711, hauhitaji betri. Hutoa sauti moja tu. Zilizosalia ni amana ya sikio. Na sikio, kwa hakika, lina dalili yake: nyuzi mbili zikikaribiana pasipo kuafikiana, husikika mawimbi, ambayo hupungua kasi kadiri tofauti inavyopungua, hata yakatoweka.

Mwenye gitaa na ajaribu: abonyeze uzi wa sita penye nafasi ya tano, aupige pamoja na uzi wa tano, asikilize.