URITHI KATIKA PROGRAMU ZA KOMPYUTA: MALIPO YALIPOTELEA WAPI?



Mwaka jana tuliandika programu ndogo ya hesabu za ada za madrasa yetu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP. Haukupita mwezi, mama mmoja wa Kaole akafika na stakabadhi mkononi. Alikwisha lipa shilingi 15,000, lakini kompyuta ilisema mwanawe anadaiwa zote. Tulimtaka radhi, kisha tukaketi kutafuta kosa. Tukaona waliopatwa ni wanafunzi wa hifdhi peke yao. Kumbe kosa lilikuwa kwenye urithi.

Urithi huu si kama mirathi tunayosoma darasani. Katika mirathi mtu hufa, na mali yake hugawanywa. Katika programu mzazi yupo na hapungukiwi na kitu. Huandikwa kigezo kimoja, mfano wa fomu tupu yenye visanduku vyenye majina. Kigezo cha pili hurithi yaliyomo bila kuyaandika upya. Fikra hii ilianzia Norway, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, katika lugha ya Simula ya mwaka 1967.

Kigezo-mzazi chetu kiliitwa Mwanafunzi. Kisanduku chake cha "malipo" tulikifanya siri, ili kigezo kingine kisikiguse. Kigezo-mwana kilikuwa Mwanafunzi wa Hifdhi. Fedha ziliingizwa kutoka kwenye orodha: programu ilisoma kichwa cha safu, "malipo", kisha ikatafuta kisanduku chenye jina hilo.

Hapo ndipo tatizo lilipozuka. Mwana haoni siri ya mzazi, na PHP haikukataa, bali ilimtengenezea kisanduku kipya chenye jina lile lile. Fedha zikaingia humo. Ripoti, iliyoandikwa kwa mzazi, ikasoma kisanduku cha mzazi, ikakuta sifuri. Hata kukosea herufi, "mlipo" badala ya "malipo", kungeleta balaa hilo hilo.

Tangu toleo la 8.2, lililotoka Desemba 2022, PHP hutoa onyo kisanduku kisichotangazwa kinapozaliwa namna hii. Kompyuta yetu ilikuwa na toleo la zamani, ikanyamaza.

Hivyo basi, anayejifunza kazi hii azingatie haya:

1. Atangaze majina ya visanduku vyote ndani ya kigezo.
2. Kisanduku watakachotumia watoto kiwe wazi kwao, au fedha zipitie kwa mzazi.
3. Jina likitoka kwenye orodha, lilinganishwe kwanza na majina yaliyotangazwa.
4. Jumla ya kompyuta ilinganishwe na stakabadhi kila mwezi.

Nanyi wazazi, tunzeni stakabadhi zenu. Ada ni amana mikononi mwetu, na karatasi ya yule mama ndiyo iliyotuonyesha kosa.